Mwaka wa Hoki Bila Barafu

Domitille alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa napiga pasi sare za wajukuu. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kama kawaida yake, na ilinichukua muda kuelewa kwamba Masera Odile amefariki huko kwao Kebeki, upande wa Kanada wanakosema Kifaransa, na kwamba Jumamosi tutamfanyia misa kwenye ukumbi wa shule yetu. "Na wewe Conso ndiye utasema," akaniambia. "Mimi nitaimba. Kusema ni kazi ya mwalimu." Nikakubali, nikakata simu, nikaunguza kola ya shati. Masera ndivyo tulivyowaita watawa wa kike, na kuhusu mtawa huyu kuna kisa ambacho watu wote wa shule ile hukisimulia wakicheka: kwamba aliondolewa Kigali kwa sababu siku moja alitaka kugeuza sakafu ya saruji kuwa barafu. Nimekisikia kwenye harusi na kwenye mikutano ya wazazi, nimekisikia hata kwa vijana waliozaliwa yeye akiwa ameshaondoka. Kila mara nimetabasamu pamoja nao. Kisa hicho si kweli. Aliyeharibu sakafu ni mimi, na kwa zaidi ya robo karne sikuwahi kumwambia mtu. Wiki nzima nilitembea nyumbani kwangu Rebero na karatasi mkononi, naandika sifa za marehemu, na kila nikifika mahali pa kusema ukweli naenda kupika chai.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Bujumbura na sanduku moja na Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa kwetu, ambacho wenzangu wa Kigali walikicheka, na watawa wakanipa chumba nyuma ya jiko lao, Kicukiro. Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi baadaye. Kilikuwa na kitanda cha chuma, kiti kisicho na mgongo na dirisha lililotazama kamba ya kuanikia, kwa hiyo niliamka kila siku nikitazamana na vitambaa vyeupe vya kichwani. Ukuta wa upande wa jiko ulikuwa na joto tangu alfajiri, kwa sababu Mzee Gaspard, mpishi, hakuamini kwamba maharage yanaweza kuiva bila kusimamiwa. Kazi yangu ilikuwa kusimamia bweni la wasichana kwa mwaka mmoja tu. Mkurugenzi wa shule, mtu mrefu mwenye suti moja ya kahawia, alinieleza mambo waziwazi siku ya kwanza: kama ule mchezo wa ajabu wa Masera Odile utakuwa umeota mizizi ifikapo mwisho wa mwaka, mimi nitaajiriwa kuwa mwalimu wa michezo. Kama hautaota mizizi, ukumbi utarudi kuwa ghala la chakula cha wanafunzi na mimi nitatafuta pengine. Sikuwa na pengine.

Mchezo wenyewe ulikuwa hoki ya barafu, ila barafu hatukuwa nayo. Tulikuwa na ukumbi wa saruji, mipira ya tenisi iliyochakaa, na magongo ishirini ya mkaratusi aliyoyachonga fundi mmoja wa Gakinjiro. Nilikuwepo siku Masera alipompelekea mchoro. Fundi aliugeuza juu chini mara tatu. "Masera, hii iko fimbo ya ng'ombe?" "Hapana, iko ya mpira." "Sasa mbona umeikunja chini? Ng'ombe atakucheka." Masera alicheka mpaka akashika benchi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani ya fremu nene, na Kiswahili alichojifunzia Bukavu kikiwa kimechanganyika na Kifaransa cha kwao, na alipocheza aliingiza ncha za gauni kwenye mkanda na kukimbia huku akipiga kelele kama dereva aliyefungiwa barabara. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza. Nilimwogopa pia, kwa sababu alikuwa akiona mambo ambayo mtu ameyaficha.

Mazungumzo makubwa ya mwaka ule yalifanyika mezani, Jumapili baada ya misa, watawa walipokula pamoja na mkurugenzi na mimi nikipita na sahani. Kulikuwa na isombe ya majani ya muhogo iliyopikwa na karanga, ndizi, maharage ya Gaspard, na nyama kama kuna mgeni. Hoja ilikuwa moja na haikuisha mwaka mzima: kwa nini nchi fulani zinawashinda wengine wote kwenye hoki, Kanada, Uswidi, Ucheki, na hasa Ufini, ambayo Masera alisema ina watu wachache kuliko Rwanda. Gaspard alitokeza kichwa kwenye mlango wa jiko bila kualikwa. "Ni baridi, Masera. Mutupatie sisi baridi miaka kumi tu, tutawapiga bote." "Baridi iko kila pahali, Gaspard. Kuna nchi ziko na baridi kutushinda, na hazijui kushika gongo." Mkurugenzi alifuta mdomo kwa leso. "Basi ni damu. Wale watu wanazaliwa na nguvu." "Damu! Papa yangu alikuwa anashona viatu, na mguu moja ulikuwa mufupi. Bon. Sasa sikilizeni kazi yake."

Nilisimama na bakuli la mchuzi mkononi nikasikiliza. Baba yake, alisema, kila msimu wa baridi alikuwa anatoka nyuma ya nyumba baada ya kazi na mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, anamwaga maji uani, kidogo tu, yanalowanisha udongo basi. Anaingia ndani, anakunywa supu, anangoja yagande. Anatoka, anamwaga tena tabaka jembamba. Hivyo hivyo siku nyingi, mpaka ua unakuwa kioo. Mtu mwenye haraka akimwaga maji yote kwa mara moja, juu panaganda na chini panabaki maji, na mtoto akikanyaga mguu unazama. Baba yake hakuwahi kuteleza kwenye barafu ile maisha yake yote, kwa sababu ya mguu. Na si yeye peke yake, kila nyumba mtaani ilikuwa na baba kama yeye, na kila parokia ilikuwa na uwanja ambao watu waliufagia theluji kwa zamu, kama sisi tunavyofanya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akina mama waliwapeleka watoto mazoezini kabla ya jua kuchomoza na kukaa pale kwenye benchi wakitetemeka. "Munaona wale wanaume wakubwa kwenye televisheni," akasema. "Nyuma ya moja iko watu mia wenye hawachezi." Gaspard akarudi jikoni akinung'unika kwamba hata yeye basi ni mchezaji, maana anapika. "Ndiyo, ni wewe!" Masera akamwitikia kwa sauti, na nadhani hakuna sifa iliyomfurahisha mzee yule kuliko ile.

Ila sababu yake ya pili ndiyo iliyonikera. Alisema kwamba hakuna nchi iliyowahi kuwa hodari peke yake. Parokia yao ilikuwa nzuri kwa sababu parokia ya jirani iliwafunga kila mwaka, na nchi hizo kubwa za hoki zimepandishana, kila moja ikiamka asubuhi kwa hasira ya kufungwa na mwenzake. "Tukicheza sisi kwa sisi tutakuwa wavivu," akaamua, na kuanzia muhula wa pili, kila Jumatano alipanda moto, ile pikipiki ya kubeba abiria, akajikunja nyuma ya dereva na magongo kumi begani, akaenda Masaka, pembezoni mwa Kigali, kufundisha wasichana wa shule moja ya huko. Nilidhani amechanganyikiwa. Anawafundisha watu watakaotufunga! Magongo yetu nusu yamekwenda Masaka! Nilimwambia, nikijaribu kuwa na adabu. Akanitazama juu ya miwani. "Consolée, unataka kushinda ao unataka kucheza vizuri?" Nikamjibu kwamba nataka vyote. "Basi ngoja," akasema. Kungoja sikuwa nakujua wakati ule, na hata sasa wanangu wanasema sijui.

Walikuja muhula wa tatu kwa mazoezi ya kirafiki. Masaka ile ya mashamba, kabla ya nyumba mpya: wasichana wenye miguu mikavu ya vumbi, wengi hawakuwa na viatu, na katikati yao mmoja mrefu, mwembamba, aliyeendesha mpira kwa gongo kama mtu anayerudisha ndama zizini, bila haraka, bila kuutazama. Huyo ndiye Domitille. Alitufunga mara tano. Kila alipofunga, Masera alipiga makofi na kuruka, mtawa wa miaka sitini, anamshangilia msichana anayetufunga sisi! Niseme wazi, kwa sababu nimevuka hamsini na sina cha kuficha tena: nilimchukia mtoto wa watu kwa sababu alicheza vizuri. Na nilihesabu wiki zilizobaki. Mechi ya mwisho wa mwaka, ambayo mkurugenzi angekuja kuitazama na wazazi wote, ilikuwa dhidi yao.

Wasichana wetu walikuwa na ujuzi mmoja ambao wa Masaka hawakuwa nao. Bweni letu lilikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu ya kopo, ile ambayo kila nyumba yenye heshima ya Kigali iliipaka wakati ule, na kila Jumamosi wasichana waling'arisha kwa kufunga vipande vya blanketi kuukuu miguuni na kuteleza huku na huku wakiimba. Walikuwa wanateleza tangu utotoni. Wenzao wa Masaka walitoka kwenye nyumba za udongo, juu ya sakafu yenye nta hawakuwahi kukimbia. Ijumaa kabla ya mechi, Masera akiwa amekwenda kulala Masaka ili aje na timu yao, nilitoa makopo yote ya stoo ya bweni, nikawaita wasichana ukumbini, nikawaambia, "Masera anataka barafu." Hawakuuliza swali. Walifurahi, maskini. Tulipaka ukumbi mzima kwa mchana mmoja, nta nene, mara moja, bila kungoja ikauke, maana muda haukuwepo. Nilijiambia kwamba namwandalia Masera zawadi. Lakini nilijua. Nilijua wakati nafungua kopo la kwanza, na nilijua wakati nasugua vidole kwa sabuni nisiweze kutoa wekundu.

Mechi ilikuwa baada ya umuganda, wazazi wakaja na majembe yao, viatu vina tope, wakapanga majembe ukutani. Masera alifika na timu ya Masaka akiwa amechelewa, wasichana wakaingia moja kwa moja kutoka kwenye gari, na filimbi ikapigwa kabla yeye hajavuka mlango. Mwanzoni watu walicheka. Kila mtu alianguka, wa kwetu walianguka pia, kwa sababu nta haikuwa imeshika, ilikuwa kama sabuni iliyomwagika. Kisha wa kwetu wakakumbuka miguu yao ya Jumamosi, wakaanza kuteleza vizuri, wakafunga bao, na mimi, Mungu anisamehe, nilishangilia. Domitille alipata mpira. Alikimbia kama alivyozoea kukimbia, kwa kuikanyaga ardhi kwa uhakika, na miguu yote miwili ikamtoka mbele. Aliangukia mkono. Niliusikia ule mfupa nikiwa upande wa pili wa ukumbi.

Mimi na Masera tulifika kwake pamoja. Tulimnyanyua, mimi kichwani, Masera miguuni, tukamweka kwenye benchi. Mkurugenzi alikuja akishika ukuta asianguke. "Nani amefanya huu ujinga? Nauliza, ni nani?" Masera aliinama, akapitisha kidole sakafuni, akakinusa. Akanitazama. Haikuwa muda mrefu, labda muda wa kuvaa miwani. Kisha akasimama, akasema mbele ya wazazi wote, "Ni mimi. Nilitaka barafu." Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini mbele yangu kulikuwa na mkurugenzi, na nyuma yake wazazi wa Masaka wakiwa wamesimama na majembe yao, na kichwa cha Domitille kilikuwa mapajani mwangu kikitetemeka, na nikakiona kile chumba changu cha nyuma ya jiko kikiwa tupu. Nikaufunga.

Kilichofuata nilikisikia ukutani, kutoka chumbani kwangu, mkurugenzi alipokuja kunywa chai na watawa. Wazazi wa Masaka wanataka mtu awajibike. Shirika la watawa litamwita Masera Odile arudi kwao. Akasikika Masera, bila hasira yoyote: atakwenda, na hatabishana na mtu, ila ukumbi ubaki wa mchezo, na Consolée aajiriwe. "Huyo binti anaweza?" "Anaweza. Ana haraka tu." Nilikaa juu ya kitanda nikauma shuka. Ningeweza kuzunguka nikaingia mlango wa mbele. Zilikuwa hatua kumi na mbili, nimezipima baadaye mara nyingi.

Asubuhi ya kuondoka kwake alikunywa uji wa mtama jikoni, amekaa kwenye gunia la mkaa kama alivyopenda, Gaspard akijifanya macho yanamwasha kwa moshi. Nilimletea sukari. Alinishika mkono, akaugeuza, akaitazama mistari myekundu iliyobaki kwenye kucha. "Nta inatoka na mafuta ya taa na unga wa mbao," akasema. "Kidogo kidogo. Sehemu ndogo, unangoja, unafagia, unarudia. Usimwage yote kwa mara moja." Hakusema zaidi. Nilifanya kazi hiyo wiki tano, kila siku baada ya masomo, peke yangu, kwa magoti, na wasichana walipotaka kunisaidia niliwafukuza.

Sasa nimefundisha hoki ya saruji maisha yangu yote, na wajukuu wananionyesha mechi za kweli kwenye simu, wale watu wa Ufini wenye mashavu mekundu wanawakabili Wakanada, na wananiuliza kwa nini nchi ndogo vile inashinda. Nawajibu kama Masera, mezani, nikiwa nimeshika mwiko. Nawaheshimu sana wale watu. Sitazami wafungaji, natazama wale wanaokuja kati ya vipindi na mashine ya kulainisha barafu, wanapita polepole, wanaacha maji membamba nyuma yao, hakuna anayewashangilia. Nawatazama na wanaoshindwa, wanavyojipanga mstari mwishoni na kupeana mikono na waliowafunga, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Nchi nzima imekaa imefundishana hayo kabla mtu hajafunga bao. Mimi nilitaka bao kwanza.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mkurugenzi, mzee sana sasa, aliketi mstari wa mbele na fimbo yake. Domitille alikuwa nyuma yake na kwaya, ule mkono wa kulia uliopona vibaya umeshika kitabu cha nyimbo. Alijifunza kucheza kwa kushoto, na kwa miaka mingi sasa ndiye kocha wa Masaka na ndiye rafiki yangu. Nilisoma nusu ya karatasi. Watu wakacheka nilipofika kwa fundi na fimbo ya ng'ombe. Wakaanza kutabasamu, wanangoja kisa cha barafu. Nikaikunja karatasi. "Aliyepaka nta si Masera," nikasema. "Ni mimi. Niliogopa kufungwa na Masaka, nikawadanganya wasichana, na Masera akabeba lawama, na mimi nikanyamaza." Nje nikasikia moto zikipita barabarani. Mkurugenzi alitazama fimbo yake. Kisha sauti ya Domitille ikatoka kwenye kwaya, ya kawaida kabisa, "Najua, Conso. Endelea."

Sijui nilimaliza vipi. Baadaye tulikwenda Gisimenti, mimi na yeye, tukaagiza mishikaki na ndizi za kuchoma, na sikuweza kula. Nilimuuliza amejua tangu lini. "Tangu benchi," akasema. "Ulikuwa umenishika kichwa, mikono yako inanuka nta. Masera alinuka vumbi ya Masaka. Nilikuwa nalia, sha, lakini pua ilikuwa iko." Akanisimulia kwamba Masera alimtembelea zahanati siku iliyofuata mechi. Domitille alimwambia anamjua aliyefanya, na Masera hakukataa, alimwomba tu asiseme na asiniulize. Alimwambia kwamba siku nitakayoweza nitasema mwenyewe, na mpaka hapo wasichana wanahitaji mtu wa kuwafundisha. "Na wewe ukakubali?"

"Nilikubali kwa ajili yake. Wewe nilikuchukia miaka mitatu mizima." Alichomoa kipande cha nyama kwenye mshikaki kwa mkono wa kushoto, akakiweka kwenye sahani yangu. "Kila mechi nilikuja kukufunga wewe, si timu yako. Mwaka wa kwanza nikakufunga. Wa pili nikakufunga."

"Halafu?"

"Halafu mlitupiga tatu kwa moja bila nta, nikaona basi."